Gari Kwanza, Mtoto Baadaye

Ilikuwa kanga.

Wiki nzima nimeulizwa, kuanzia stendi ya Mpanda hadi sokoni, kwamba Bibi Josefina alitupa nini juu ya boneti ya gari jeupe la mkwewe. Wapo waliosema hirizi. Mmoja alinipigia simu kutoka Katumba akaapa kuwa ni nyoka. Hapana, ndugu zangu. Ilikuwa kanga ya kubebea mtoto, imekunjwa, imekauka, imeganda matapishi. Bibi yule aliifungia kwenye ndoo ya asali yenye mfuniko wa kubana, akaitunza humo bila kuifua.

Ilipotua kwenye boneti, harufu ilifika hadi kwenye kwaya. Akina mama waliziba pua kwa vilemba. Katekista Makarius aligeuka pembeni akatema mate, kisha akakumbuka kuwa amevaa kanzu.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, mambo yako hivi. Padre Telesfori hufika kigangoni hapo, upande wa Ugalla, kwa nadra sana, kwa pikipiki, barabara ikimruhusu. Safari hii alikuwa na shughuli mbili: kubariki gari jipya la Deogratias na kumbatiza binti yake mchanga. Deogratias aliomba gari litangulie. Padre akakubali. Alikuwa ameshainua kinyunyizio cha maji ya baraka mama mkwe alipofanya alichofanya.

"Mama, umechanganyikiwa?" Deogratias alisema, huku akitafuta kitu cha kuiondolea kanga ile bila kuigusa. "Hili gari la watu."

"La watu gani? Si uliniambia ni lako?"

Padre alishusha kinyunyizio. "Bibi, hiki nini?"

"Kanga ya mjukuu wangu, Padre. Libariki gari na hiyo ikiwa juu yake. Mwenye hiyo kanga ndiye angekuwa abiria wake wa kwanza."

"Angekuwa?"

"Muulize mwenye gari."

Deogratias alikuwa amepata kijiti. Alikuwa anaisukuma kanga kwa kijiti, taratibu, rangi isije ikakwaruzika. Mkewe Katarina alisimama hatua chache kutoka kwake, mtoto kifuani. Alimwangalia mumewe na kile kijiti mpaka akashindwa kuendelea kunyamaza.

"Siku mtoto anachemka, gari lilikuwa limepaki mlangoni kwetu," alisema. "Nilifungua mlango wa nyuma niingie naye. Akaufunga."

"Katarina," mumewe alimkatisha, "haya tuliyamaliza nyumbani."

"Uliyamaliza wewe. Padre, aliniambia gari halijabarikiwa. Kwamba gari ambalo halijabarikiwa likianza na mgonjwa linazoea, siku zote litakuwa linabeba maiti."

Watu waliguna, lakini si wote waliguna kwa kushangaa. Nyie mnaoishi huku mnaijua imani hiyo. Mtu akinunua gari, abiria wa kwanza lazima awe mzima, mcheshi, na akipatikana mnene ni bora zaidi. Mgonjwa asubiri. Mjamzito asubiri. Sijui nani alituanzishia upuuzi huu, na sijui kwa nini tunauingiza hadi kanisani tukiuvika shati jeupe la Jumapili.

"Na siti," bibi alisema. "Mwambie Padre habari ya siti."

Katarina alimgeukia Padre. "Alisema atatapika kwenye siti. Alisema nailoni yenyewe bado haijatolewa."

Naomba nipumzike hapo, maana mimi ninayewasimulia nimechefuka. Matapishi ya mtoto hayanitii kinyaa hata kidogo. Kila mmoja wetu aliwahi kumtapikia mtu aliyempenda, na mtu huyo akajifuta akaendelea kumbeba. Kinachonitia kinyaa ni baba mzima, Mkristo, mwimbaji wa sauti ya nne, aliyepima siti na mtoto akaona siti ni nzito.

"Mkaenda na nini?" Padre aliuliza.

"Bodaboda," bibi alijibu. "Mimi, yeye na mtoto, kwenye mvua. Huyu bwana alibaki analifunika gari turubai."

Hapo ndipo mtu mmoja alikohoa kwa nguvu, kile kikohozi cha mtu aliyezoea kunyamaziwa.

Alikuwa Gideon. Mfanyabiashara wa mazao kutoka Mpanda mjini, mwenye kinu na maghala, na kiti chake hubebwa kwenda kila shughuli. Deogratias humnunulia mpunga na mahindi vijijini. Gari lile ni Gideon aliyempa. Na siku hiyo Gideon alikuja kuwa msimamizi wa ubatizo.

Huyu bwana anapenda sana kusimamia. Kuanzia Kasokola hadi huku misituni kuna watoto wenye majina ya mama yake, shangazi zake na dada zake, na Gideon ndiye baba yao wa ubatizo. Ukimtazama juujuu utasema ni mcha Mungu. Lakini mzazi akishakuwa na mtoto wa Gideon ndani ya nyumba, hauzi gunia kwa mtu mwingine, hata bei ya huyo mwingine iwe nzuri kiasi gani. Ataonekana hana shukrani. Maji matakatifu ya Mungu, na mtu mmoja ameyageuza kamba ya kufungia wakulima. Siku hiyo ilikuwa zamu ya jina la mkewe mwenyewe, Faith.

"Padre, hayo ni ya ndani," Gideon alisema. "Gari tuliache kwanza. Twende kwenye ubatizo. Mtoto ni Faith, msimamizi ni mimi, mpiga picha yupo, na wageni wangu wana njaa."

"Mtoto habatizwi leo," bibi alisema.

"Kwa sababu ya kanga?"

"Kwa sababu keshabatizwa."

Kijiti kilimponyoka Deogratias mkononi, na kanga ikabaki pale pale katikati ya boneti.

Padre alimsogelea bibi. "Nani alimbatiza?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Korongoni. Maji yalikuwa yamejaa, pikipiki ikazima katikati. Dereva alikwenda kutafuta watu wa kuisukuma. Mtoto akashikwa degedege. Akakakamaa, macho yakageuka meupe, midomo ikawa rangi ya majivu. Nikajua anaondoka, Padre. Nikasema haondoki hivi hivi."

"Ukafanya nini?"

"Nilichota maji kwa mfuniko wa ndoo yangu ya asali. Nikammwagia kichwani. Nikasema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kama tulivyofundishwa kwenye jumuiya kwamba mtu yeyote anaruhusiwa, mtoto akiwa anakufa na padre yuko mbali."

"Ni kweli. Anaruhusiwa," Padre alisema.

Gideon alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Maji ya korongo? Yale yenye tope na vyura? Mtoto wangu mimi abatizwe na maji ya vyura?"

"Bwana Gideon, maji ni maji."

"Na jina?" Deogratias aliuliza. "Ulimpa jina gani?"

Bibi Josefina alimtazama mkwewe moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Yustina."

Msomaji, Yustina ni jina la mama mzazi wa Deogratias. Mwanamke aliyemlea peke yake kwa kulima tumbaku ya watu, akafa mwanawe akiwa bado hana hata baiskeli. Mtoto huyu alipozaliwa, Katarina ndiye aliyetaka aitwe hivyo. Deogratias akasema jina la kizamani, halitamfikisha mtoto popote. Na pale korongoni, katikati ya mvua, bibi huyu angeweza kumpa mjukuu jina lake mwenyewe. Hakuna ambaye angemlaumu. Akampa la mkwe mwenzake aliyeko kaburini.

Deogratias aliinamisha kichwa. Kwa kitambo kidogo nilidhani huyu mtu amepona.

Sikumjua vizuri.

"Nani mwingine alikuwepo?" Padre aliuliza.

"Katarina peke yake."

Padre aliwageukia watu wote. "Sikilizeni. Ubatizo haurudiwi. Kama maji yalimwagwa na maneno yakasemwa, mtoto ni Yustina, ni wa Mungu, na mimi kazi yangu ni kumpaka mafuta na kumpa mshumaa tu. Lakini kama kuna shaka, kama hakuna anayeweza kuthibitisha, basi nitambatiza kwa sharti. Katarina, nitakuuliza wewe. Jitulize kwanza."

Neno moja tu lilimwingia Gideon masikioni. Shaka. Alimshika Deogratias mkono, wakajitenga nyuma ya gari, upande ambao harufu haikuwa kali.

"Umesikia? Shaka tu inatosha," Gideon alisema kwa sauti ya chini. "Mkeo aseme hakuona. Padre anambatiza, anaitwa Faith, tunapiga picha, tunakula. Asiposema hivyo, huyo mtoto si wangu. Na kama mtoto si wangu, unajua gari ni la nani."

"Bosi, mama mkwe wangu yuko pale anatuangalia."

"Mama mkwe wako anaendesha nini?"

Deogratias alirudi kwa mkewe. Alikuwa anatabasamu. Nimewahi kukutana na mzoga wa nyumbu barabara ya kwenda mbugani, wiki ya pili ya jua, na nasema kweli, niliutazama kwa urahisi kuliko ningeweza kulitazama tabasamu lile.

"Mama Faith," alimwita.

Katarina hakuitika.

"Mke wangu. Siku ile ulikuwa unalia. Ulikuwa umejifunika uso na mtandio, uliniambia mwenyewe. Sasa mtu aliyejifunika uso anaona nini? Sema hukuona vizuri. Huo si uongo."

"Niliona."

"Nisikilize basi. Padre atambatiza hapa hapa. Neema ile ile, Mungu yule yule. Mtoto hapotezi kitu. Sisi tunabaki na gari, nabaki na kazi, tunahamia ile nyumba ya mjini, Kawajense. Ile yenye maji ya bomba ndani. Si uliniambia umechoka kubeba ndoo kichwani? Niambie, nani anaumia hapo?"

Hebu tusijifanye. Katarina aliitaka nyumba ile. Alishaingia ndani yake, akafungua bomba na kulifunga, akalifungua tena. Alishachagua dirisha la kuweka cherehani. Usiku mwingine alikuwa anapanga mapazia kichwani huku mumewe anakoroma. Sasa alisimama juani, mgongo unamuuma, na aliombwa neno moja dogo ambalo lingekaa mdomoni kwa sekunde tu. Kila kitu kingebaki mahali pake.

Aliangalia mkono wa mumewe ulivyoshika bega lake. Akautoa, kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa kiwavi kwenye nguo.

"Siku ile sikuwa na kitu, Deo," alisema. "Gari sikuwa nalo. Mume sikuwa naye. Nilikuwa na mtoto aliyekakamaa na maji mpaka magotini. Sisemi yale maji yalimponya, alipona kwa dripu na sindano, tulipofika. Lakini pale korongoni, kama angekufa, angekufa akiwa na Mungu. Hicho ndicho nilichopewa siku ile, na nilipewa bure. Hakuna aliyeniuliza kama nitachafua siti."

"Unaongea kama mlokole."

"Na wewe unataka nikakiuze. Tena kwa Gideon."

"Punguza sauti."

Hakupunguza. Aligeuka kwa Padre, akasema ili hata wale waliokuwa jikoni nyuma ya kanisa wasikie.

"Padre, niliona. Maji yalimwagika kichwani kwake. Maneno niliyasikia yote, na jina nililisikia. Hakuna shaka yoyote. Mtoto wangu ni Yustina."

Padre Telesfori alimimina maji yaliyobaki kwenye kindoo chake chini, mbele ya tairi. Gari halikupata hata tone.

"Na mimi nina langu la kutubu," alisema. "Nilikubali kuanza na gari. Twendeni ndani."

Waliingia. Si wote, nisiwadanganye. Wageni wa Gideon walibaki kwenye viti vyao wakiulizana kama chakula bado kipo. Mpiga picha alisimama mlangoni, hajui amfuate nani. Deogratias alibaki kando ya gari lake, Gideon akiwa amemkabili, na kanga ikiwa katikati yao.

Ndani, Padre alifungua kichupa cha krisma. Bibi Josefina alimvua mjukuu kofia. Katekista Makarius alileta mshumaa mdogo wa mtoto, ambao baba wa mtoto ndiye huuwasha kutoka kwenye mshumaa mkubwa wa Pasaka.

"Baba wa mtoto yuko wapi?" Padre aliuliza.

Jibu lilitoka nje. Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Injini ikawaka. Wote walisikia tairi zikikanyaga changarawe, zikigeuza, zikishika barabara ya Mpanda. Mlio ukaenda ukipungua mpaka wakabaki wanamsikia mtoto tu, anavyonyonya kidole.

Katarina alisimama wima. Usoni mwake hapakuwa na chozi. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyeuma tunda akakuta funza nusu.

"Ameondoka na gari lake, Padre," alisema. "Tuendelee."

Padre akaendelea. Alimpaka mtoto mafuta utosini. Alimfunika kitambaa cheupe. Akauchukua ule mshumaa mdogo, akatazama kushoto na kulia atafute mwanamume wa ukoo, akamkosa, akawa karibu kumpa bibi.

"Sijaondoka."

Waligeuka wote.

Deogratias alikuwa mlangoni, peku, viatu ameviacha nje, shati limetoka kwenye suruali. Mkononi alishika kanga. Hakuishika kwa kijiti. Aliikumbatia kifuani, na kwa joto la jua na jasho lake ilikuwa imeanza kulainika tena, imemwachia doa la manjano kwenye shati jeupe. Harufu iliingia kanisani pamoja naye. Waliokuwa benchi la nyuma walisogea.

Alitembea katikati ya mabenchi hadi mbele, akanyoosha mkono kupokea mshumaa.

"Usimsogelee mtoto," bibi alisema. "Mkono wako unanuka."

"Najua, Mama."

"Haunuki kanga."

"Najua, Mama."

Padre alishika mshumaa, hajui ampe nani. Mwisho akamgeukia Katarina. "Mama Yustina, ulichopewa korongoni ulipewa bure. Sasa mwenzako amekuja bila kitu ila kanga hiyo. Nimpe mshumaa?"

Katarina alimwangalia mumewe kuanzia miguu iliyojaa vumbi hadi lile doa kifuani. Mwanamume yule yule, vidole vile vile vilivyofunga mlango wa nyuma. Na bado, humo ndani ya kuchefuka kwake, kulikuwa na kitu kilichotaka kusema ndiyo, na hicho ndicho kilimwogopesha zaidi.

"Nitajibu, Padre. Kwanza nimuulize kitu kimoja."

Alisogea mpaka harufu ikamfika sawasawa.

"Deo, nitazame. Gideon alikunyang'anya funguo, au wewe ndiye ulimpa?"

Deogratias alimtazama. Jibu lilikuwepo, kila mtu kanisani aliona kuwa lipo, na kwamba lilikuwa zito kuliko kanga aliyoishika.

Alifungua mdomo ili ajibu.

Na nje, kwenye barabara ya Mpanda, likasikika gari lile lile linarudi, mwendo wa kasi, likipiga honi bila kukoma. Mengine gazeti lijalo.